Dada staa, kovu la boda haliishi kwa siku tatu

Leo nina langu la moyoni, na najua kuna watakaonimaindi. Poa tu.

Kuna staa mmoja wa kike, jina kapuni, picha yake ya Raskazone imezunguka kila grupu la WhatsApp. Kavaa dera, upepo wa bahari ukafanya yake, mguu ukaonekana. Na mguuni kuna lile kovu tunalolijua wote, la bomba la moshi la bodaboda. Komenti zikawa matusi matupu. Jamani! Nusu ya mliocheka mnalo hilohilo ndani ya jinzi. Mimi langu nililipata Ngamiani nikiwa na miaka 19, nimeshuka boda upande wa bomba. Nyumbani nikapakwa dawa ya meno, kumbe nilitakiwa kumwagia maji ya bomba yanayotiririka dakika 20. Miaka mitatu sikuvaa sketi.

Ila kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Dada kapost krimu: "kovu kwisha siku 3", elfu 45. Wadogo zetu wanatuma hela! Krimu nyingi za ahadi hizo ni mkorogo tu. Zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku hapa nchini, na hata zikikuchubua rangi, kile kibonge cha kovu kinabaki palepale.

Kinachosaidia kovu lililoinuka ni kitu cha kuboa sana: silikoni. Ni plasta laini, inavutika, ipo na ya jeli ya kupaka. Madaktari wa Australia waliandika kuhusu kuitumia kwenye makovu ya moto tangu 1983. Wala haina dawa ndani. Inafunika kovu, unyevu haupotei, na taratibu ngozi inapunguza kutengeneza nyama za ziada. Kovu linalala, linapungua kuwasha.

Sasa masharti. Ile ya makovu huweki kwenye kidonda kibichi, subiri kifunge kabisa. Unaivaa saa 12 au zaidi kwa siku, miezi miwili mitatu na kuendelea. Unaivua, unaiosha, unaacha ikauke, unarudisha. Kwa joto letu hili la Tanga inateleza na jasho, ukiona vipele pumzika kwanza. Bei nayo si ya kitoto, mimi niliagiza Dar. Na si muujiza, wataalamu wenyewe bado wanabishana inasaidia kwa kiasi gani. Langu nililichelewesha, limelala kidogo, weusi upo.

Kama kovu limetambaa nje ya kidonda chenyewe, sikioni au kifuani, hiyo ni keloidi. Nenda Bombo ukaonane na daktari, kuna sindano zinachomwa ndani ya kovu. Usikubali mtu akate tu, mara nyingi linarudi kubwa kuliko la mwanzo.

Turudi kwa dada. Sina bifu naye, kuchekwa mguu kunauma, nakujua. Ila ile picha ya Raskazone niliivuta karibu. Juu ya kovu kuna kitu kinang'aa, kipande cha mstatili, kona moja imebanduka kwa jasho. Wenzangu wakasema ni mafuta. Mimi nimekivaa miezi mitano, nakijua hata gizani.

Hiyo krimu ya elfu 45 unampaka nani, dada?