Makaa ya Mbinga: Anayepima Ndiye Mwenye Bei

Mkulima wa kahawa wa Mbuji, wilayani Mbinga, anajua kwamba gunia peke yake halina bei. Bei hufuata daraja, na daraja hutolewa na mtu aliyesomea kuonja. Funzo hilo bado halijatumika ipasavyo kwenye bidhaa nyingine ya wilaya hiyo, yaani makaa ya mawe.

Makaa ya Ngaka yalianza kuchimbwa mwaka 2011 na Tancoal, kampuni ya ubia kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) na mwekezaji kutoka Australia. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku uagizaji wa makaa kutoka nje. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei duniani, makaa ya Ruvuma yalipakiwa melini Mtwara kwenda Ulaya.

Mnunuzi wa makaa hanunui weusi wake. Analipia joto, na hupunguza bei kwa sababu ya majivu, unyevu na salfa. Mchimbaji naye lazima ajue unene wa tabaka, na ni udongo kiasi gani utaondolewa kupata tani moja. Majibu hayo hutoka kwa mwanajiolojia, kwenye sampuli za kuchoronga na maabara.

Faida ya elimu hiyo haiji kwa msimu mmoja. Mtaalamu G. M. Stockley alichapisha maelezo ya makaa ya bonde la Ruhuhu, ambamo Ngaka imo, mwaka 1932. Uchimbaji wa Ngaka ulikuja miaka 79 baadaye. Idara ya Jiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1974, yaani miaka 37 kabla ya uchimbaji huo. Anayedai faida ya haraka asingegharimia hata kimojawapo.

Wapo wanaosema kampuni zinaweza kuajiri wataalamu kutoka popote. Ni kweli, lakini upande wa pili wa meza nao unahitaji mtaalamu. Halmashauri inayotoza ushuru wa huduma kwa kufuata mauzo haiwezi kuhoji bei ya tani kama haina wa kuisomea karatasi ya maabara. Kanuni za mwaka 2018 zinawapa Watanzania kipaumbele migodini, lakini kanuni haifundishi fizikia wala kemia.

Kwa hiyo, sehemu ya ushuru huo ielekezwe kwenye maabara za shule za sekondari, Mbuji ikiwemo. Kampuni nazo zigharimie mafunzo ya uwandani ya wanafunzi wa jiolojia, na kuwaachia sampuli zilizokwisha kutumika. Hiyo si sadaka, ni gharama ya biashara.

Mkahawa ukipunjwa bei mwaka huu, mwakani utazaa tena. Makaa yakishauzwa kwa bei ya kutojua, hayarudi ardhini.