Biyo

Kila mjuaji wa mtandaoni ana jibu moja: mtoto mwenye usonji asiyezungumza mnunulie iPad, weka Proloquo2Go, aguse picha, mashine imsemee. Haya, ipeleke Elwak, kaunti ya Mandera. Mtoto ana kiu, anagusa picha ya glasi, mashine inataja maji kwa Kiingereza. Inajua pia Kihispania, Kifaransa na Kiholanzi, Kisomali, zii. Na kwao maji ni biyo. Sasa nani hajui kuongea hapo, mtoto ama mashine?

Acheni kutuuzia bei ghali kama dawa. Tableti ya kawaida ya Android inatosha, mradi programu yake ikubali picha za nyumbani, irekodi sauti ya mama, na ifanye kazi bila intaneti. Mtoto akigusa glasi, nyumba nzima imwelewe.