Fulani na Wanawe

Wanachama wenzetu, mwezi uliopita tuliitwa Kiuyu kwenda kutazama kibao. Nyumba ile ina mikarafuu yake ya urithi, na karibu na barabara wamefungua kiduka cha mdalasini, pilipili manga, asali na miche. Fundi kutoka Wete amewaandikia kibao kwa rangi ya kijani: jina la marehemu baba yao, kisha maneno "na Wanawe". Tulikisifu, maana hati yake ni nzuri kweli, tukakaa barazani kunywa kahawa. Pembeni yetu binti wa marehemu alikuwa akichambua karafuu na makonyo juu ya jamvi, naye akauliza bila ya kupandisha sauti, "Kaka, na mimi nimo katika kibao hicho?"

Kaka mkubwa akatumiminia kahawa tena. Jawabu hatukulisikia.

Swali lile limetukaa moyoni, na kwa kuwa nyumba nyingi za wanachama zi katika hali hiyo hiyo, twaona si vibaya kulisema hapa bila ya kumtaja mtu. Kwa Kiswahili chetu mwana ni mwana, akiwa wa kiume au wa kike. Kibao basi kimesema kweli. Ila mambo ya ndani ya nyumba hayajakifikia kibao.

Hali yenyewe twaijua sote. Alipokuwa hai, baba ndiye aliyekuwa daftari. Alijua mkarafuu upi umezaa, mchumaji yupi anadai pishi ngapi, na nani amekopa nini. Alipofariki, daftari likazikwa naye. Mtoto mkubwa akashika mambo kwa nia njema, na fedha za msimu zikapita mfukoni mwake: paa likaezekwa, mtoto wa ndugu akalipiwa skuli, nauli ya mgonjwa kwenda Unguja ikatoka humo humo. Hakuna aliyeiba. Lakini akija ndugu kutoka Mombasa au Maskati akauliza, "Mwaka huu tumepata nini?", hapana awezaye kumjibu, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Mwaka wa pili shamba halipaliliwi, kila mmoja akimngoja mwenziwe atoe fedha. Mwaka wa tatu ndugu mmoja anawahi kuchuma kabla ya wenziwe, karafuu hata hazijakomaa.

Kufikia hapo tangazo limekwisha haribika, hata kibao kingekuwa cha dhahabu. Mnunuzi hutazama mali kwanza. Mvua ikishuka ghafla na karafuu zi juu ya jamvi, ni nani atakayeacha chakula chake akimbilie kuzianua? Ni yule ajuaye fungu lake. Asiyelijua hukimbia polepole. Karafuu zikilala na maji huvunda, hunyauka na kuwa nyeupe, na kituoni kwa ZSTC hapana wa kuzionea huruma: zilizostahili daraja la kwanza hushuka mpaka la tatu, na mdalasini ule wa dukani nao watu huanza kuutilia shaka, maana umetoka nyumba ile ile.

Habari ya jina sisi Wapemba twapaswa kuifahamu kuliko watu wote. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu imetoka kwetu. Hata hivyo dunia huziita karafuu za Zanzibar. Hatulalamiki (au twalalamika kidogo tu), bali twaonyesha kwamba jina na jasho vyaweza kukaa mbali mbali kwa zaidi ya miaka 150.

Wengi wetu huogopa kugawana, kama kwamba ndio mwisho wa biashara. Nyumba ya Karimjee Jivanjee ilianza Unguja kiasi cha mwaka 1825, na baadaye ikawa miongoni mwa wafanya biashara wakubwa wa karafuu. Mwaka 1861 ndugu watatu wa ukoo ule waligawana, Karimjee akashika njia yake, na hata leo jina lake twalisikia Dar es Salaam katika ukumbi wa Karimjee. Said Salim Bakhresa naye, mzaliwa wa Zanzibar, jina alilolieneza juu ya boti ni Azam, wala si lake mwenyewe. Labda nyumba ya Kiuyu ingelifikiri na hilo, ingawa sisi twapenda jina la mzee libaki.

Wazee wengine watasema kwamba kuandikiana baina ya ndugu ni kutoaminiana. Twawaheshimu, lakini hapa hatukubaliani nao. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani ni ya kuandikiana deni, wala hatukuona humo kwamba ndugu wamesamehewa.

Hapana anayetaka kuzidisha fungu la mtu. Mirathi imekwisha pangwa: mama thumni yake, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Kazi ni jambo jingine. Mwenye kuchambua, kuanika na kuanua anastahili ujira wake kabla ya faida kugawanywa, na ujira huo hautazami kama ni kaka au dada. Kaka mkubwa naye apewe wake, kwani anayesimamia bure mwishowe hujilipa mwenyewe pasi na kujijua. Yaandikwe yote: pishi zilizochumwa, kilo zilizopimwa, daraja lililopatikana, stakabadhi ikabandikwa pale pale, na kilichotoka kikaandikwa upande wa pili. Kisha lisomwe mbele ya wote. Walio mbali nao wasisahauliwe. Simu ile ile inayopiga picha za mdalasini yaweza kupiga picha ya ukurasa.

Na mwenye kwenda BPRA kusajili jina la biashara ajue kwamba ataulizwa wenyewe ni nani. Heri swali hilo lijibiwe nyumbani kwanza, kuliko mtu mmoja kulijibu peke yake mbele ya karani.

Kibao cha Kiuyu tulikiacha siku ile kimeegemezwa ukutani, kaka akisema kitapigwa misumari Ijumaa. Tulipopita tena juzi kilikuwa bado chini. Barazani walikuwa wamekaa wote, na binti yule akiandika.