Ngazi za mlangoni: tuzitengeneze kabla mvua haijarudi



Kwenye likirimba ya mwisho kiti kimoja kilikuwa wazi. Koko wetu, ambaye hakosi hata siku moja, alituma mchango wake kwa mkono wa mjukuu. Hakuwa mgonjwa. Mtoto alituambia neno moja tu: "Koko anasema ngazi zimemshinda."

Tulikwenda kumwona. Kutoka kwenye njia hadi mlango wake kuna vipandio kumi vilivyochimbwa katika udongo mwekundu. Aliteleza hapo mwezi wa nne, mvua ikinyesha, na tangu siku hiyo hatoki isipokuwa akishikwa na watu wawili. Nyumba yake ni nzima, bati halivuji. Kinachomfunga ndani ni mita tatu za mteremko.

Sisi wa Nguba tunalijua jambo hili. Mji wetu ni vilima vinavyoshuka hadi ziwani, na ni nani kati yetu anayeingia kwake bila kupanda au kushuka? Tunapita hapo na bidoni ya lita 20, ambayo ni kilo 20, tukiwa na mtoto mgongoni, au tumbo la miezi minane. Waliokuwa hapa Jumapili ile ya tarehe 3 Februari 2008 wanakumbuka tetemeko la ardhi: kila mtu alikimbilia nje. Ngazi mbaya siku kama ile ni mtego.

Kwa koko tulichukua mita, tukapima. Kipandio cha kwanza kilikuwa na kimo cha sentimita 12, cha pili 14, cha tatu 25, cha nne 15. Hapo ndipo tulipoelewa. Alianguka kwenye kile cha tatu. Mguu ukishapita vipandio viwili unajifunza kimo chake na kungoja kingine kama hicho. Ukikuta tofauti, unajikwaa ukipanda au unakanyaga hewa ukishuka. Basi kanuni ya kwanza ni hii: vipandio vyote viwe na kimo kimoja, hasa cha kwanza kabisa na cha mwisho, ambavyo mafundi huviacha vijirekebishe vyenyewe.

Hesabu si ngumu. Pima kimo chote kutoka chini hadi mlangoni. Kwa koko ni sentimita 160. Gawa kwa 10, kila kipandio kinapata 16. Kati ya 15 na 18 ni vizuri kwa watoto na wazee. Kisha upana wa mahali pa kukanyaga: sentimita 30, ili mguu wote ukae. Mafundi waliosoma wanaijua kanuni ya François Blondel, Mfaransa wa karne ya 17: kimo mara mbili, ongeza upana, jibu liwe karibu na sentimita 60 hadi 64, kama hatua ya mtu. Kwetu 16 na 16 na 30 ni 62.

Vipandio kumi vya namna hiyo vinataka mita tatu za urefu. Kama mteremko wako ni mfupi zaidi ya hapo, usisimamishe ngazi kama ya kupandia darini. Igeuze ipite kwa ubavu wa kilima. Kama ni mrefu, weka katikati mahali pa sawasawa pa kupumzikia na kutua bidoni.

Adui wa pili ni maji. Mvua ikinyesha, ngazi nyingi zinakuwa mfereji. Maji yanakula udongo chini ya mawe, na jiwe linalotikisika ni baya kuliko kukosa jiwe. Kabla ya kugusa kipandio hata kimoja, chimba mfereji juu ya ngazi na pembeni yake, upana wa jembe, upange mawe ndani. Lakini usiuelekeze kwa jirani wa chini. Maji unayomtumia yatakula ukuta wake, na ugomvi utapanda bila kuhitaji ngazi. Zungumzeni kwanza mfereji utamwagia wapi.

Kujenga kunaanzia chini, kamwe si juu. Jiwe la kwanza lizikwe kabisa, kwa sababu lingine lote linalalia mgongo wake. Kama hakuna pesa ya simenti, mawe makubwa yaliyozikwa vizuri yanatosha, au mifuko iliyojazwa udongo na kushindiliwa kwa msimu mmoja. Kama simenti ipo, pima kwa ndoo: moja ya simenti, mbili za mchanga, tatu za kokoto, maji yasizidi. Juu ya kipandio usilainishe kama sakafu ya sebule. Pitisha ufagio mgumu wakati betoni ingali mbichi, iache mistari ya kushika mguu. Mbele ishuke kidogo, sentimita moja tu, maji yasilale. Kisha funika kwa magunia yenye maji siku saba. Jua la kiangazi likikausha betoni haraka, itapasuka.

Kujua kama kipandio kiko sawa kwa upande, laza ubao, weka juu yake chupa iliyojaa maji nusu, imelala. Maji yatakuambia ukweli.

La tatu ni mkono. Mti wa karatusi ulionyooka, uliosuguliwa usiwe na vibanzi, kimo cha sentimita 90, juu ya nguzo zilizoingia ardhini nusu mita.  Watoto wawekewe mti mwingine chini, sentimita 60. Uanze kabla ya kipandio cha kwanza na upite kile cha mwisho, maana mtu hutafuta pa kushika kabla ya kukanyaga.

Mlangoni pabaki nafasi ya kusimama, angalau mita moja. Mlango unaofunguka nje moja kwa moja juu ya ngazi unamsukuma mgeni. Na pakeni chokaa nyeupe ukingoni mwa kila kipandio. Umeme ukikatika, mnakiona hata kwa taa ndogo ya simu.

Wengine walisema katika mkutano: "Sisi ni wapangaji, kwa nini tutengeneze parseli ya mtu?" Swali lina haki. Mwenye nyumba aombwe kwanza, kwa heshima na mbele ya mashahidi, na mkikubaliana vifaa vikatwe kwenye kodi, muandike na kutia sahihi. Lakini akichelewa, mvua haitamngoja. Atakayeanguka si yeye. Mawe na mfereji havihitaji pesa nyingi, vinahitaji mikono.

Kwa hiyo tumepatana. Jumamosi hii tunafanya salongo kwa koko, tangu asubuhi. Kila mama alete jiwe moja analoweza kubeba bila kujiumiza, na wenye jembe, ndoo na mita wavilete. Vijana wa kiume watachimba, tutawapikia. Tukimaliza kwake, tutapiga kura nani afuate, moja kila juma, hadi mwezi wa tisa mvua zinaporudi.

Wiki hii, kabla ya Jumamosi, pima vipandio vya mlangoni kwako. Andika kile kinachotofautiana na wenzake, ukilete mkutanoni. Na likirimba ijayo tunataka kumwona koko akija mwenyewe, akiwa na mchango wake mkononi.