Tairi kubwa kwenye Vitara ya shamba: panda hatua moja tu

Msimu wa karafuu unakaribia, na simu ninazopigiwa siku hizi si za mbolea wala za mnyauko wa tungule. Nyingi ni za gari. Mtu amenunua Vitara au Escudo ya zamani, fundi ameshainyanyua inchi 2 kwa springi ndefu, sasa anataka kujua aweke tairi gani kubwa zimtoe bondeni mvua ikishuka. Bwana shamba anaulizwa tairi! Lakini nami naliona ni swali la kilimo. Gari hiyo ndiyo inayobeba tungule, matikiti na magunia ya karafuu, na pesa ya tairi inatoka kwenye mfuko ule ule wa mbegu na vibarua.

Msimamo wangu nautanguliza ili tusizungushane. Gari ikiwa imepanda inchi 2, ongeza tairi kwa hatua moja tu, na uchague nyembamba. Ile 31 ambayo kila kijana anaitamani, iache dukani.

Tuanze na urefu wenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapouziwa hewa. Springi ndefu zinanyanyua bodi na chesisi. Difu ya nyuma haipandi hata kidogo. Kwenye Vitara za zamani difu hiyo imo ndani ya ekseli moja nzima, na ekseli imekalia magurudumu, si springi. Kwa hiyo baada ya kulipa fundi na springi, kile kidude kinachogonga tuta la katikati ya njia bado kiko pale pale. Kinachokipandisha ni tairi peke yake, nacho kinapanda kwa nusu tu ya urefu ulioongeza, kwa sababu nusu nyengine inakwenda juu ya kitovu cha gurudumu.

Sasa chukua kalamu. Soma ubavuni mwa tairi ulizonazo. Tuseme zimeandikwa 205/75R15, saizi ya kawaida kwa gari hizi. 205 ni upana kwa milimita, 75 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, 15 ni rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi nzima ina kimo cha kama sentimita 69. Ukienda 235/75R15 unapata sentimita 73 na ushei. Ile ya 31x10.5R15 inakaribia 79. Kwa hiyo 235 inainua difu sentimita 2 na kidogo, na 31 inainua kama sentimita 5. Tofauti baina yao haifiki sentimita 3, upana wa vidole viwili basi. Hivyo vidole viwili ndivyo ninavyouliza vinalipiwa nini.

Vinalipiwa kwanza na injini. Tairi ya 31 ni ndefu kuliko ile ya mwanzo kwa kama asilimia 14, na ni sawa na kusema kila gia imerefushwa kwa kiasi hicho. Nguvu inayofika chini inapungua kama asilimia 12, hata kabla hujahesabu uzito wa tairi yenyewe. Injini ya 1.6 haina nguvu ya kugawa hivyo. Kisiwa chetu upande wa magharibi ni kilima, bonde, kilima, bonde. Hakuna anayetoka na mzigo bila ya kupanda. Dereva anaona gari nzito, anaanza kuing'ang'aniza kwa klachi, na klachi ikianza kunuka kilimani ujue siku zake zinahesabika. Utaniambia gia ndogo ya fowili ipo. Ipo, na itakutoa shambani. Lakini huwezi kuishikilia mpaka Chake.

Halafu breki. Hili linanitia hofu zaidi, na hakuna anayenipigia simu kuliuliza. Kwa nguvu ile ile ya mguu, gurudumu refu linazuilika kidogo kuliko fupi. Ile asilimia 12 unaipoteza na huku pia. Weka sasa mteremko uliolowa, magunia nyuma, na wachumaji waliobanana juu ya magunia kwa sababu viti vimekunjwa. Hao ni watu wa mtaa wako, mama zao unawajua.

Na dashibodi itakudanganya. Ikionesha 50, wewe unakwenda 57. Ikihesabu kilomita 5,000 za kubadilisha oili, umeshatembea 5,700. Hata hiyo 235 ninayoisifu inadanganya kiasi: ukiona 60, uko kwenye 64. Lijue tu hilo na ulihesabu unapopiga mahesabu ya mafuta, maana wengi wanadhani gari imeanza kula kupita kiasi kumbe na kilomita zimepunjwa.

Fundi atakwambia 31 inaingia. Inaingia, ndiyo, gari ikiwa tupu na steringi imenyooka. Kata kona mpaka mwisho huku gurudumu moja limepanda jiwe, utasikia inavyosugua. Hapo linaanza suala la kukata madigadi, kisha spesa, kisha bodi kunyanyuliwa tena. Kila dawa inazaa ugonjwa wake. Mbele kuna shafti mbili zenye buti za mpira. Zile inchi 2 zimeshazipinda kuliko alivyokusudia mtengenezaji. Buti ikichanika, tope na mchanga vinaingia kwenye grisi, na shafti haichukui muda.

Upande wa maskani wako nao nausikia. Gari iliyopanda juu inaheshimika, mnunuzi akiiona anajua huyu kijana si wa kubahatisha. Sina ugomvi na mtu kupendeza. Ila mteja wa tungule anaangalia tungule, na kituo cha karafuu kinaangalia ukavu na daraja la karafuu. Karafuu mbichi haisubiri fundi. Ikilala imerundikwa kwenye gunia inachemka, inageuka rangi, inashuka daraja. Gari ikilala gereji siku mbili katikati ya msimu kwa ajili ya klachi au shafti, hasara yake usiitafute kwenye risiti ya fundi. Iko jamvini.

Nimesema nyembamba, na hapa ndipo ninapobishiwa sana, maana tairi pana inaonekana ina nguvu. Tazameni Land Cruiser pikapu zinazopelekwa kufanya kazi ngumu Afrika nzima: nyingi zimetoka kiwandani na 7.50R16. Ndefu, karibu sentimita 80, lakini nyembamba. Land Rover 110 za zamani zilivaa hizo hizo. Waliozitengeneza hawakukosa mpira wa kuongeza. Kwenye udongo wetu wa mfinyanzi, juu panateleza kama sabuni lakini chini kidogo pana ardhi ngumu. Tairi nyembamba inakata ule utelezi na kukamata chini. Pana inapanda juu yake na kuserereka. Ni kweli kwenye tope lisilo na mwisho, kama katikati ya bonde la mpunga, tairi pana inaelea vizuri zaidi. Lakini gari inatafuta nini katikati ya bonde la mpunga? Unaishindilia ardhi ya watu, unachimba mifereji miwili kwenye njia ambayo jirani anapita na gari la ng'ombe, na mvua ya kesho yake inaigeuza mto. Mie ningekwambia simamisha gari penye ugumu, ile nusu kilomita ya mwisho mpe kazi mwenye ng'ombe. Anaijua kuliko Suzuki.

Wale wa mashariki na kaskazini, mnaolima kwenye mawe upande wa Micheweni, tatizo lenu si tope. Jiwe la matumbawe linakata ubavu kama kisu. Nyinyi tazameni ubavu mgumu kuliko meno makubwa, na upepo msiupunguze ovyo, kwa kuwa tairi iliyolegea inatoa tumbo nje na tumbo ndilo linalochanwa. Huku kwetu kwenye tope ni kinyume chake. Shusha mpaka kama paundi 20, nenda polepole, ukifika lami jaza tena. Kipimo cha upepo na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari vinakutoa mara nyingi kuliko zile sentimita 3. Nashangaa mtu ana rimu za kung'ara na hana kipimo cha upepo.

Kwa hiyo 235/75R15, kama inaingia. Na usiniamini mimi kwenye hilo, jaribu mwenyewe. Azima tairi mbili, funga mbele, pakia mzigo wako wa kawaida, panda gurudumu moja juu ya gogo, zungusha steringi kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho. Ikigusa plastiki kidogo kwenye pembe ya bampa, hilo linarekebishika. Ikigusa bati au chesisi, rudi 215/75R15 na uwe na amani. Ukinunua za mtumba tafuta maandishi ya DOT ubavuni, na tarakimu nne za mwisho. 2318 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Meno mazuri kwenye mpira mzee ni urembo tu. Mpira umekauka, na juani na mzigoni unapasuka.

Ile pesa iliyobaki baada ya kuiacha 31 ndiyo ninayoitaka mimi. Brekipedi mpya na shokamzoba nzima, kwanza. Kisha ingia njia yako ya shambani na jembe kabla ya mvua: chimba mtaro upande wa juu, na kila penye mteremko mkali toa mkato wa kuyaelekeza maji pembeni. Vibarua wawili kwa siku chache. Njia isiyokuwa mto haihitaji gari refu. Na kama una eneo la wazi kule kule shambani, nunua turubai na majamvi uanikie huko. Kilo tatu za karafuu mbichi zinakupa kama kilo moja kavu. Unachambua makonyo huko, unaanika huko, unabeba theluthi ya uzito. Ulinzi wa usiku ni shida, najua, na mvua ya vuli ina hila zake, lakini wapo wanaoanika hivyo kwa zamu na ndugu zao.

Aliyekwishafunga 31 naye asinikasirikie. Kama hutaki kuzitoa, muulize fundi wa difu juu ya kubadilisha pinioni na kirauni upate gia fupi zaidi, mbele na nyuma zote zilingane, kwa sababu zikitofautiana fowili yako utaivunja siku ya kwanza. Sikia bei yake. Kisha linganisha na bei ya kuziuza hizo tairi sasa hivi, kabla meno hayajaliwa, kwa yule rafiki yako mwenye Hilux anayezitamani kila mkikutana.