Umelipia Tumbo, Hujalipia Pipa



Leo tuongee chakula, na najua wengine mtanuna. Tangu vijana wetu waanze kwenda kula thali kule Parklands baada ya ibada, kuna malalamiko mawili. La kwanza nimeletewa na wazee: ati chakula cha Wahindi kimetolewa kwa sanamu. Hilo nalimaliza haraka. Soma 1 Wakorintho 10:25-27. Paulo aliwaandikia watu walioishi katikati ya mahekalu, akawaambia wale wanachoandaliwa bila kuulizauliza. Dengu ni dengu. Hata hiyo chapati unayopika kila Krismasi hapo Umoja asili yake ni kwao, na sijasikia ukiikemea.

La pili ni langu mwenyewe.

Thali ni sinia yenye vibakuli: dengu, viazi, mboga, maziwa lala, achari, wali. Unalipa mara moja tu. Weita anapita na chapati moto na dengu, anakuongezea, anakuongezea, mpaka ufunike sinia kwa mkono kumwonyesha umetosheka. Kwa mtu wa Kayole aliyezoea kununua nyama kwa robo kilo, hiyo ni sherehe, na simnyimi mtu sherehe yake. Lakini ndugu zetu hawali kitu tangu Jumamosi jioni. Wanasema ni mfungo. Mfungo gani huo unaongoja chapati? Wakifika, wanaitisha kila kitu mara tatu, wanakidonoa, wanakisukuma kando, wanaitisha kingine. Ukiuliza, unajibiwa: "Pasta, si tumelipa?"

Mpendwa, umelipia kushiba. Ile bei ni ya tumbo moja, na aliyeipanga alijua tumbo lina mwisho. Kiburi cha mtu hakina. Watu wakimwaga, mwenye mkahawa atapandisha bei, na ile familia ya Donholm iliyoweka akiba miezi mitatu ili watoto wafurahi siku moja itabaki nyumbani.

Wala usiniambie Mungu hapendi watu washibe. Yohana 6: mikate mitano ya shayiri, samaki wawili, wanaume kama elfu tano, na kila mtu akapata kadiri alivyotaka. Hakuna aliyepimiwa kijiko. Lakini yule yule aliyefanya muujiza, ambaye angeweza kufanya mwingine asubuhi yake, aliamuru vipande vilivyobaki viokotwe. Vikapu 12! Yeye ambaye hakununua mkate alijali makombo, na wewe uliyelipa kwa Fuliza unamwaga sahani nzima?

Soma pia Hesabu 11, wale waliolilia nyama. Aliyekusanya kidogo kabisa alipata homeri kumi za kware. Mahali pale pakaitwa Kibroth-hataava, makaburi ya tamaa. Sisemi utakufa kwa sababu ya bakuli la dengu. Nasema Mungu aliona hesabu ya ndege na pia aliona macho ya waliowakusanya.

Na je, unajua mabaki huenda wapi? Taka nyingi za Nairobi huishia Dandora. Jaa lile lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na mpaka leo malori yanaingia. Wanaookota pale ni majirani zetu. Kuna watoto wanaogombania mabaki pamoja na nguruwe na makorongo. Kwa hivyo chapati uliyoiuma mara moja Parklands huenda ikakufuata Eastlands Jumatatu, ndani ya lori, na atakayeipokea anamjua mtoto wako kwa jina.

Ukienda Mombasa, pitia Makindu. Hekalu la Masingasinga pale lilijengwa mwaka 1926, na humlisha msafiri yeyote bure. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakula mpaka ushibe, ila usiache chakula. Mafundisho yao siyakubali, na hilo mnalijua. Lakini wengi wenu mmekula pale, mkamaliza sahani kwa heshima bila kutoa hata shilingi. Mbona adabu hiyo inapotea mara tu mnapolipa?

Vijana, safari ya Jumapili ijayo haijafutwa. Mimi na mama mchungaji tunakuja. Tutapanda matatu pale stejini baada ya ibada ya pili, na mnywe chai asubuhi kabla ya kutoka nyumbani.