Kurudishwa Kazini Pasipo Mshahara

Twasikia mara nyingi hapa Pemba, mtu akirudishwa kazini baada ya kufukuzwa kinyume cha sheria, majirani wakimwambia, "Shukuru Mungu, umerudi." Nasi twafurahi pamoja naye. Lakini akiulizwa habari ya mshahara wa miezi ile aliyokaa nyumbani, huinama, na wengine humjibia: "Alipwe kwa kazi asiyoifanya?" Neno hili ndilo tutakalo kulipinga, maana lina sura ya haki, na ndani yake ni dhuluma.

Mtu akitwaa ngalawa ya mwenziwe pale Wesha, akakaa nayo mwaka mzima, kisha akaamriwa airudishe, hakuna mvuvi atakayesema deni limekwisha kwa kuwa ngalawa iko pwani tena. Na samaki wa mwaka mzima je? Mfanya kazi aliyefukuzwa bure hakukaa nyumbani kwa uvivu wala kwa hiari yake. Alikuwa tayari, tajiri wake akamfungia mlango. Naye aliyefunga mlango atamlaumuje mwenziwe kwamba hakuingia?

Labda watu wetu huona jambo hili gumu kwa sababu ya desturi ya karafuu, ambayo mchumaji hulipwa kwa kadiri alivyochuma, na siku asipopanda mti hana kitu. Lakini mwalimu, karani, muuguzi na mlinzi hawakuajiriwa kwa pishi. Mapatano yao ni ya mwezi kwa mwezi.

Twamjua mwalimu mmoja, hatutaji jina lake wala shule yake. Alipoondolewa alirehani mikarafuu yake apate kulisha watoto. Amekwisha kurudi darasani, lakini karafuu zake huchumwa na aliyemkopesha. Je, huyu amerudishwa?

Tuvuke bahari kidogo, tutazame Tanzania Bara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, katika kifungu cha 40, yasema kwamba aliyeachishwa isivyo haki aweza kuamriwa arudishwe tangu siku ile ile aliyoachishwa, pasipo kupoteza ujira wa wakati aliokuwa nje. Na serikali yenyewe imepata kukiri deni la namna hii. Katika uhakiki wa vyeti wa 2017 waliondolewa watumishi wengi wa elimu ya darasa la saba. Mwezi wa Aprili 2018 serikali iliamuru wale walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe, tena walipwe mishahara yao ya muda waliokuwa wameondolewa. Haikusemwa kwamba ni sadaka. Sisi wa Visiwani tuna Sheria ya Ajira Na. 11 na Sheria ya Mahusiano Kazini Na. 1, zote za 2005, na Mahakama ya Kazi. Hatuoni sababu ya mtu wa Wete au Mkoani kuridhika na nusu ya haki.

Husemwa pia kwamba fedha hizo ni nyingi, tena ni za umma. Ni kweli, nasi twalipa kodi. Lakini ni nani aliyezikuza? Shauri likiahirishwa mwezi baada ya mwezi, kila mwezi huzaa mshahara mwingine. Atakaye deni dogo na asikilize watu kabla ya kuwafukuza, na akikosea, afanye upesi kuwarudisha.

Liko na jambo jingine lisahauliwalo, nalo ni michango ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa 1998. Mwezi usiochangiwa huacha pengo, na pengo hilo huonekana mtu akiisha kuwa mzee, wakati ambapo hana nguvu ya kulidai.

Basi ndugu aliyepokea barua ya kurudi asiharakie kutia sahihi kwa furaha. Aisome mpaka mwisho. Atafute tarehe ya kuanzia, hesabu ya mishahara iliyobaki, na michango yake. Kama barua yasema tu "uanze kazi Jumatatu," na aende Jumatatu akafanye kazi, na Jumanne apeleke barua yake ya kudai.